Doa la Chumba cha Mgeni

Jumatatu, 9 Juni
Doa limekua. Jana lilikuwa sahani, leo sinia. Liko ukutani, chumba cha mgeni, upande wa bafu. Linanuka soksi mbichi. Mama mkwe anakuja Jumamosi, na ana pumu.

Mke wangu anataka tumwite fundi bomba. Nimemweleza kwamba hatuna tatizo la bomba, tuna tatizo la jirani. Juu yetu anakaa Mstaafu, mwalimu wa zamani, anayemwagilia maua kutwa nzima. Maji hushuka, hayapandi! Mke wangu ameuliza kama hayawezi kutoka bafuni kwetu. Swali la ajabu. Bafu nimelikarabati mwenyewe mwezi uliopita.

Kisha akasema chumba kisipokauka mama yake atakwenda kwa shemeji, kaka yake, na yeye mke wangu atamfuata mama kumuuguza. Kwa muda gani? Hakusema. Hilo la kutosema limenikaa rohoni.

Jumanne, 10 Juni
Upelelezi. Nimepanda kwa Mstaafu nikijidai kuazima nyundo. Nikamwamkia kwa adabu zote, macho yakiwa sakafuni. Kavu! Makopo kumi na tatu ya maua, kila moja na kisahani chake. Mtu msafi kiasi hicho ana jambo anaficha.

Akanipa nyundo na ushauri juu: nifunge koki ya tangi letu siku moja, nione kama doa litasimama. Nikashukuru kwa ubaridi. Ananifundisha kazi!

Jumatano, 11 Juni
Sikio ukutani tangu asubuhi. Chu, chu, chu. Kazini nimetuma udhuru wa mafua.

Saa nne, wazo! Bluu ya kufulia. Nitie rangi kwenye tangi la Mstaafu. Doa likigeuka bluu, kwisha kazi yake. Paani kuna matangi mawili, letu na lake. Nimepanda ngazi, nimemimina pakiti nne. Moja ingetosha, ila ushahidi hauna kipimo.

Alhamisi, 12 Juni
Doa ni bluu! Bluu kabisa! Nimeruka ruka peke yangu chumbani.

Mke wangu akaingia na sare yake ya unesi mkononi. Ilikuwa nyeupe jana. Akauliza kwa upole, upole ule wa kutisha, nimefanya nini. Kumbe tangi la kushoto, ukipanda kwa nyuma, linakuwa la kulia. Nimetia rangi letu. Kwa Mstaafu maji ni meupe pe.

Akasema basi jibu limepatikana: maji ya bluu ni yetu, doa la bluu ni letu. Nimemwomba asiharakishe hukumu. Ameshika simu, amempigia fundi.

Ijumaa, 13 Juni
Fundi bomba ni mama mmoja mfupi, hana maneno. Amepapasa ukuta, ameingia bafuni, amebandua vigae viwili. Nyuma yake, kiungo cha bomba kikitoa machozi.

"Nani alifunga hapa?"

Nikasema mpangaji aliyetutangulia.

"Sisi ndio wapangaji wa kwanza," akasema mke wangu.

Fundi akachomoa kile nilichofungia, akakinyanyua juu kama samaki. "Kaka, huu si mpira wa baiskeli?"

Nusu saa, kamaliza. Lakini ukuta, anasema, utachukua wiki mbili kukauka. Wiki mbili! Mke wangu hakunigombeza. Alianza kukunja nguo zake, moja moja. 

Jumamosi, 14 Juni
Mama mkwe amefika, shemeji nyuma yake akichezesha funguo za gari, uso umemng'aa. Mama kachungulia chumba, kakohoa mara mbili. Shemeji akasema si kitu, kwake kuna vyumba vitatu vikavu. Alivyolitamka hilo "vitatu"!

Nikamwambia mama mkwe ukweli, kwamba bomba nililiharibu mimi, kisha nikakataa kumwita fundi. Midomo ilikauka kuliko ukuta. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, angalau umesema."

Ndipo Mstaafu, aliyesikia yote kutoka ngazini, akashuka. Akasema ana chumba cha ziada, kina jua mchana kutwa. Mama akilala juu, binti yake yuko hatua chache tu chini. Mama akakubali. Mke wangu akarudisha nguo kabatini. Shemeji akaondoka na funguo zake.

Begi nimelibeba mimi, ngazi thelathini na sita. Mstaafu alinishikia mlango. Akauliza tu kama nyundo yake nimemaliza nayo. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 16 Juni
Nimebadilika. Sikurupuki tena, simshuku mtu ovyo.

Ila taa ya sebuleni inapepesa. Mke wangu, kabla ya kwenda zamu, amesema tumwite fundi umeme. Ya nini? Nimechunguza kwa utulivu: inapepesa kila feni ya Mstaafu inapowaka. Au karibu kila mara. Mtu anatunyonya umeme! Nimetwaa bisibisi, nimefungua boksi la ukutani. Kwa busara. Nimegusa waya mmoja tu.

Saa tano. Paa! Jengo zima kimya. Feni, friji, hata redio ya Mstaafu imezimika.

Naona sasa. Huyu mzee ni hatari kuliko nilivyodhani: anajizimia hata feni yake ili asishukiwe.