Sifa za Mbuzi Chini ya Picha ya Mwenyekiti

Leo aibu imenipata mjini Mwingi mchana kweupe, na bado niko hapa hapa.

Chama cha wafanyabiashara wa mbuzi kilitaka tovuti. Niliitaka hiyo kazi sana, ila walitaka kuona mfano kwanza. Tangu nimalize kusomea kompyuta, mama anaambia kanisa zima kwamba mimi ni mtu wa mitambo (mtambo wenyewe ni simu yake).

Tovuti nimeiandika kwa PHP, lugha ya kompyuta. Sifa za mbuzi zina faili lake. Ukurasa mkuu unaliita, unapokea sifa, halafu unaziweka chini ya picha ya mbuzi. Jana zilitokea juu ya picha badala ya chini. Chini kulikuwa na 1. Nikajiambia labda ni namba ya mbuzi (uvivu haukosi maelezo).

Asubuhi mwenyekiti, Mzee Musembi, akanipigia. "Picha yangu ikuwe ya kwanza. Mbuzi haiwezi tangulia mwenyekiti."

Nikaipachika juu kabisa. Sikugusa kitu kingine.

Wanachama wakajaa ukumbini. Nikawasha projekta. Uso wa mzee ukatanda ukutani, na chini yake maandishi: "Dume. Ana ndevu nzuri. Anakula kila kitu. Akikasirika hupiga watu kichwa."

Halafu picha ya mbuzi. Chini yake: 1.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

"Kijana," mzee akasema, "hiyo ni mimi?"

"Hapana, mzee. Hiyo ni ya mbuzi."

"Na mbuzi ndio namba moja?"

Nilitamani ardhi inimeze, lakini kurudi kwa mama bila kazi nilikataa. Nikafungua faili la mbuzi mbele ya wote. Kumbe niliandika "echo", yaani tangaza papo hapo, badala ya "return", yaani nirudishie. Na faili lisiporudisha kitu, PHP hukukabidhi 1. Nikabadilisha neno moja. Sifa zikashuka kwa mbuzi. Ile 1 ikatoweka.

"Sasa iko sawa," mzee akasema. "Kazi ni yako."

Mkewe, Mama Kasyoka, akainua mkono kutoka nyuma. "Mimi naomba irudishwe vile ilikuwa. Hapo kwanza ndio ilikuwa ukweli."

Kazi nimepata. Anayetaka kucheka achekee kwake. Mimi nimeketishwa kando ya mzee, na sijajua kama ile ya kupiga kichwa nayo ni kweli.