Herufi A na Kiti cha Chifu

Jumatatu, tarehe 4
Leo kompyuta kuu imenitii. Makabati kumi na moja yanayovuma kama nyuki, yote yamenyenyekea mbele yangu, Babu Karatasi. Haya, nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe: niliiuliza saa, ikanijibu. Ndiyo amri kubwa ninayoruhusiwa. Hapa kila mtu hupewa herufi ya ruhusa zake; mimi ni mtu wa herufi G, na G ni makombo. Miwani, karani wa ghala, naye ni G. Chifu wa waendeshaji ana A. Akiamuru mtu atolewe kwenye mashine, anatoka. Akiiamuru ilale, inalala. Na ni binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu! Akibonyeza vitufe nasahau kumeza mate.

Jumanne, tarehe 5
Chifu ametangaza: Ijumaa, matokeo ya mitihani yakishachapwa, mmoja wetu, mimi au Miwani, atapewa D. Mwenye D huiamuru printa na foleni yake. Miaka kumi na tisa nailisha karatasi printa ile, na ikishiba sina ruhusa ya kuiambia iendelee. Lazima nimwite Chifu. Mpishi asiyeruhusiwa kuonja. Miwani ameanza kujipendekeza. Amepangusa vumbi hata kwenye feni.

Jumatano, tarehe 6
Nimejaribu amri ya D kwa siri. Mashine haikusema nimekatazwa. Imesema haiijui amri hiyo. Uso mkavu, kama shemeji yangu nikimwuliza sukari iko wapi. Nikaishtaki kwa Chifu, kwamba mashine yake inasahau. Alicheka, akaeleza kuwa kila mtu hupewa amri za herufi yake tu. Zilizobaki, kwake hazipo. Amepanga mwenyewe nani aweze nini, watu mia mbili. Kichwa kile ningekuwa nacho mimi, ningekivalisha kofia mbili.

Ijumaa, tarehe 8
Balaa. Gari la matokeo huondoka saa sita. Saa tano na nusu printa iliishiwa karatasi. Nikailisha. Chifu yuko chai, kiti chake wazi. Nikakaa mbele ya vitufe vyake. Kwa nini nihangaikie D wakati A iko hapa? Nikafikiri kiungwana: shati jipya huvaliwa baada ya kuvua la zamani. Kwanza nikaamuru herufi zangu zote zifutwe, ndipo niwekewe A. Zikafutwa. Nilipoomba A, mashine haikuijua amri hiyo.

Kumbe mashine haioni sura. Inajua jina lililofungua kiti tu, na jina lilikuwa la Chifu. Nimemvua yeye! Printa imeshiba, inangoja kuambiwa iendelee, na jengo zima hakuna wa kuiambia. Miwani akasema nitarudishwa nyumbani leo leo, na kwamba atanisaidia kubeba kikombe changu.

Chifu alirudi. Hakupaza sauti. Akafungua kabati la chuma, akatoa bahasha iliyopigwa lakiri. Ndani, jina la pili lenye A, halijatumika hata mara moja. Miaka sita ameliweka likimngoja mjinga. Akakaa kwenye kiti cha Miwani, akajirudishia herufi zake, printa ikaunguruma. Yote kwa dakika nne. Gari liliondoka saa sita na dakika mbili, dereva kanuna.

"Mzee wangu, A ulitaka ya nini?"

"Nione inavyokutii."

"Kaa pale. Usiguse hata feni."

Nilitaka kumpigia makofi. Nikaona si wakati wake.

Jumatatu, tarehe 11
Miwani amepewa D. Anaiamuru printa huku anaisemesha kwa sauti, tuone. Mimi nimebakishwa kazini, ila G nimenyang'anywa. Saa natazama ukutani. Halali yangu. Na kiti cha Chifu sasa hujifunga chenyewe akinyanyuka tu. Ameyafanya hayo Jumamosi. Kazi safi. Nimekijaribu mara tatu.

Lakini Chifu, binti yangu, najua huwa unalisoma daftari hili nikienda kula. Tundu hilo la kiti ulilionaje? Nani alikuonyesha, kama si mimi? Basi bado una deni la fadhila yangu. A siitaki, tamaa nimeacha. Nipe B tu, dakika tano, ukienda chai.