Kikohozi cha Munguti

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kitengela hii hakuna mtu aliyewahi kuhamia kwa heshima kama mimi, Mwololo. Watu walisimama barabarani kuangalia vitu vyangu vikishushwa. Mama mmoja aliuliza kama ni mheshimiwa amehamia. Sikumkatalia.

Wiki ya tatu sasa kwa nyumba mpya. Vyumba viwili, mlango wa chuma, mita yangu peke yangu ukutani. Niko na televisheni. Niko na friji. Hakuna kelele ya watu. Hakuna kelele kabisa. Saa zingine nafungua friji ili isikie joto ianze kunguruma.

Asubuhi, karatasi chini ya mlango. Bili ya stima. Elfu kumi na moja, mia nne na sitini! Jina: Munguti. Huyo ndiye alikaa hapa kabla yangu. Alihama Machi, akaniachia msumari mmoja ukutani na hilo deni. Isipolipwa kufika Ijumaa, wanakata.

Mimi nilipe stima ya Munguti? Mimi niliyewasha kiwanda kizima Athi River mwaka wa tisini na nane kwa kisu cha mkate, mainjinia wakiwa wameshika vichwa?

Nikajaza kifua, nikapiga namba iliyoandikwa kwa bili. Nikataja namba ya akaunti. Kabla sijaanza vita, mama mmoja akasema anaitwa Namalwa, ofisi ya hapa mjini, halafu akauliza polepole, "Bwana Munguti, umeamkaje?"

Tangu Pasaka hakuna mtu ameniuliza nimeamkaje. Nikasema nimeamka vizuri, ila kikohozi kidogo. Akasema baridi ya mwezi huu ni mbaya, nichemshe tangawizi. Tuliongea dakika kumi na moja. Nilipokata simu nilikuwa nimeahidi kulipa Ijumaa, na nilikuwa bado Munguti.

Si shida. Kesho namwelezea.

Jumanne, 5 Agosti

Sijamwelezea. Alipiga yeye mwenyewe saa tatu kuuliza kama nimepata tangawizi. Ungefanya nini?

Halafu Mutheu akapiga. Mtoto wa marehemu dada yangu. Mimi ndiye nilimlea, nikamsomesha, karibu nimnunulie shule yenyewe. Yuko Kajiado mjini, saa moja tu na gari. Ameahidi kuja mara nne. Sasa anasema Jumapili anakuja kweli, na mtoto wake ambaye sijamwona tangu azaliwe. Akauliza kama hiyo nyumba yangu ina stima. Nikacheka sana. Nikamwambia stima imejaa mpaka nagawia majirani. Friji, katuni za mtoto, maji moto ya kuoga, kila kitu.

Kwa hivyo stima isikatwe. Ikikatwa Ijumaa, Jumapili Mutheu atanikuta gizani kama popo. Atasema mjomba ni yule yule. Hatarudi.

Nikaenda kwa duka la Hashi hapo chini, nikamweleza kama habari ya mtu mwingine. Hashi akaendelea kupima sukari. Akasema huyo mtu apate barua ya mwenye nyumba kwamba Munguti alihama, apeleke ofisi na kitambulisho, kwisha. "Hiyo ni kitu ya dakika kumi, mzee. Mwambie huyo mtu asijifanye mjanja."

Nikamwambia huyo mtu ni mjanja sana.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeenda Kisaju kumtafuta mwenye nyumba, Parmuat. Yuko hapo kwa soko la ng'ombe. Parmuat huwezi kumwambia habari ya karatasi kabla ya salamu za Kimaasai. Sopa. Epa. Watu wako? Wazima. Mvua? Hakuna. Ng'ombe? Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema sina. Nikasema niliacha themanini Kimana, zimenichosha.

Akafurahi! Akanishika mkono, akanipeleka kwa mtamba mmoja mweusi ambaye alitaka kumnunua. "Mzee wa themanini, niangalizie hii."

Nimeona wazee wakifanya hivyo. Unafungua mdomo, unaangalia meno, unatingisha kichwa. Nikafungua. Ole wangu! Juu hapo mbele hakuna jino hata moja! Nikaruka nyuma, nikatangaza kwa sauti kuu kwamba hii ni wizi, huyu ni bibi kizee, ameng'oka meno yote ya juu, Parmuat ashike pesa zake.

Soko lote likalipuka kwa kicheko. Mzee mmoja akaketi chini kabisa. Kumbe ng'ombe wote wa dunia hii hawana meno ya mbele juu. Mungu aliwaumba hivyo na hakuna mtu aliniambia.

Parmuat alipanguza machozi kwa shuka. Akasema Munguti alikaa miaka minne na hakuwahi kumchekesha hata mara moja. Akaandika barua pale pale, karatasi juu ya mgongo wa yule mtamba, akatia sahihi. Nikaondoka nayo. Nyuma yangu niliwasikia wakiita ng'ombe wengine "bibi."

Saa kumi na moja Namalwa akapiga. Kikohozi? Nikakohoa mara mbili. Akasema kimeshuka kifuani, nitie na limau.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya. Naandika tu kwa sababu nimezoea.

Nilienda ofisini na barua, kitambulisho, na kofia ya Jumapili. Namalwa yuko dirisha la pili, jina limeandikwa kwa kioo. Mama wa umri wangu, miwani, sweta ya kijani. Nikabana pua ili sauti isitambulike, nikatoa barua. Akaisoma mara mbili. Akasema hii ni ajabu, Bwana Mwololo, kwa sababu Munguti mwenyewe ameniambia kwa simu bado yuko kwa hiyo nyumba. "Jana nimeongea na yeye. Ana kikohozi kibaya." Sasa nani anadanganya? Mwenye nyumba ama Munguti?

Ningesema hapo. Mdomo ulikuwa umefunguka tayari. Lakini watu kumi na wawili walikuwa nyuma yangu, na hiyo miwani.

Nikasema Munguti amekufa.

Akavua miwani. Akasema, jana saa kumi na moja tuliongea. Nikasema ilikuja ghafla, usiku, hicho kikohozi. Akauliza anazikwa wapi. Nikasema Mwingi. Akatoa leso. Halafu akasema, kwa upole ule ule, kwamba mwenye akaunti akifariki laini inafungwa mara moja mpaka familia ilete cheti cha kifo. Akaandika hivyo. Akagonga muhuri.

Kwa hivyo nimejikatia stima mwenyewe. Na simu ya saa kumi na moja haikulia leo. Italiaje? Mimi ni marehemu.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamekuja na ngazi. Vijana wawili. Wamekata saa nne na nusu, wapangaji wa ploti yote wakiangalia. Nikasimama chini ya nguzo, mikono nyuma, nikiwaelekeza. Nikaambia majirani nimeitisha laini kubwa, hii ya zamani ilikuwa inabanwa na vifaa vyangu.

Hashi akatoka dukani, akauliza yule mtu mjanja anaendeleaje. Akasema anaweza kunivutia waya kutoka dukani mpaka Jumatatu. Nikakataa. Mtu wa hadhi yangu hawezi kuomba stima kwa jirani kama chumvi. Nilimwachia tu kilo mbili za nyama ya mbuzi ya Jumapili kwa friji yake, na simu ichajiwe.

Jioni nilifungua friji yangu. Haikunguruma.

Jumapili, 10 Agosti

Amekuja! Saa sita mchana, na mtoto mgongoni. Mtoto ana paji la dada yangu, lile lile. Alinishika kidole, akakataa kuachilia. Nilimwambia Mutheu stima imepotea mtaa mzima. Akaangalia dirishani, akasikia redio ya jirani. Akapika mbuzi kwa makaa. Tukala. Mchana una mwangaza wa kutosha, sijui kwa nini niliogopa hivyo.

Simu yangu nilikuwa nimeiweka mezani, imejaa chaji. Ikalia nikiwa nje nachota maji. Mutheu akashika.

Nilimsikia akisema asante. Halafu akasema, "Pole ya nini?" Halafu akaweka mkono kwa simu, akaniita mlangoni, "Mjomba, kuna mama hapa ametoka kanisani, anasema wametuombea familia. Nani amekufa?"

Nikasema ni mimi, lakini kidogo tu.

Hakucheka. Alinipa simu, akanikazia yale macho ya mama yake. "Ongea na sauti yako."

Nikaongea. Nikasema mimi ni Mwololo, Munguti simjui, labda ni mzima kabisa huko aliko, na barua ya mwenye nyumba ni ya kweli. Namalwa alisema alinililia. Alisema nilete kitambulisho kesho asubuhi, na nisiongeze neno lolote. Halafu, karibu kukata, akauliza kwa ukali, "Na hicho kikohozi kilikuwa cha nani?"

Nikasema hicho ni changu.

Mutheu aliondoka saa kumi. Mlangoni aliniambia angekuja hata kama ningekaa kwa pango. Anasema atarudi nikiacha uongo. Nikamwahidi. Nikamwambia pia asijali nauli, dereva wangu angempeleka lakini yuko likizo.

Jumatatu, 11 Agosti

Dakika kumi! Hashi alisema kweli. Barua, kitambulisho, sahihi. Deni limemfuata Munguti aliko. Wamempata Kimana, analima vitunguu, mzima, anashangaa nani alimzika. Akaunti sasa ina jina langu kwa herufi kubwa. Namalwa aligonga muhuri bila kuinua macho. Stima ilirudi saa nane.

Hashi nimemwambia niliita mkurugenzi.

Jumatano, 13 Agosti

Stima iko. Televisheni inaongea. Friji inanguruma.

Simu haijalia Jumatatu, wala jana, wala leo. Asiyedaiwa hakuna mtu anamtafuta. Mutheu nilimpigia, amesema yuko kazini, atanipigia baadaye.

Mchana wameleta bili yangu ya kwanza. Shilingi mia tatu na themanini. Ziko mfukoni, nimezihesabu mara mbili. Nimeweka hiyo bili chini ya chupa ya chai na hapo itakaa. Nimeuliza Hashi, anasema ukichelewa kama wiki mbili hivi, ofisi inapiga simu. Wiki mbili si mbali.

Na kwa sababu hapa hakuna anayesoma: sijawahi kuwa na kikohozi. Nimeanza kukifanyia mazoezi leo asubuhi, mbele ya kioo. Bado hakijashuka kifuani.