Jina Langu Kwenye Kila Tawi

Jumatatu, 3 Juni 2024, Gitega
Siamini! Ushirika wa wakulima wa Muyinga unataka mtu mmoja wa kutunza faili yake ya wanachama. Kazi ya kudumu! Bosi anasema watamchukua aliyetajwa ndani ya faili kuwa mtengenezaji. Aliyetajwa ni Dorcas, mwenzangu wa ofisini. Kweli, hiyo maktaba ya programu, kwa lugha ya Haskell, ya kusoma na kubadili faili za XML, zile zinazopanga habari kama mti wenye matawi, ameiandika yeye, miezi saba. Lakini chai yake nani alileta?

Jumanne, 4 Juni
Nimeiamuru maktaba yake mwenyewe: futa Dorcas, weka jina langu, Valentin. Ikakubali. Nafungua faili: Dorcas! Nimerudia mara tisa. Dorcas! Nusura nizimie. Nikamuuliza kijanja, kama mtu anayetaka kujifunza tu. Akanieleza kwa upole kwamba Haskell haigusi mti wa zamani. Inakupa mti mpya, na usipouhifadhi umeupoteza.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeuhifadhi! Kulitafuta tawi la mtengenezaji kulinichosha, kwa hiyo nikaamuru jina langu liwekwe kwenye kila tawi lenye jina. Sekunde moja! Faili imeshatumwa. Nimepiga pasi suruali.

Ijumaa, 7 Juni, Muyinga
Mungu wangu! Ukumbi umejaa, faili inaonyeshwa ukutani, jina langu liko juu kabisa. Makofi. Kisha ikashuka orodha ya wanachama. Akina mama kumi na mmoja wa Gashoho, wote Valentin. Mwenyekiti, mjane mwenye heshima zake, naye Valentin. Bwana Adriano akasimama kusoma mstari wa nyumba yake: Valentin, mke wa Adriano, watoto sita. Akanitazama kuanzia viatu.
“Mi sikuoa huyu,” akasema. “Bibi yangu iko wapi?”
Dorcas akafungua mti wa zamani kwenye kompyuta yake, mzima, haujaguswa. Dakika mbili tu, kila mtu akarudishiwa jina lake. Kazi wakampa palepale.
Kilichonishtua zaidi ni kwamba hakukasirika. Amewaomba niwe msaidizi wake.

Jumatatu, 10 Juni, Muyinga
Siku ya kwanza kazini. Dorcas ameniachia faili, ameenda kunywa chai. Nikatazama humo cheo changu. Msaidizi! Mimi! Kulitafuta tawi langu peke yake ni kazi ya siku nzima. Nimeamuru tu: palipo msaidizi, weka mkurugenzi, kila tawi. Nimehifadhi, nimetuma. Huko nje wasaidizi wa ghala, wote ishirini, wanashangilia. Sijui habari zangu wamezipataje upesi hivi.