Ombi la Kuvunja Baraza Kabla Sijazikwa

Kasulo, Ngara

Ndugu Gozbert, Mwenyekiti wa Baraza la Ushauri la Wazee wa Ngara na Biharamulo,

Marahaba, maana najua ungeniamkia.

Mimi Mwalimu Marcel, katibu wa Baraza tangu mwanzo, nakuandikia kutoka kitandani. Akili bado nzima. Padri ameshasikia dhambi zangu zote isipokuwa hii. Amesema hii ni ya ofisi yako. Naomba Baraza livunjwe, kwa sababu hizi:

1. Hakuna aliyeliunda. Mwaka 1987 fahali wa Bukuru, jirani yangu, alikula maharage ya marehemu baba yako kule Nyakahura. Wazee wa pande mbili wakakutana kusuluhisha, lakini pombe ya ndizi ya kupatania ilikuwa haijaiva, na huku kwetu hakuna anayepatana kwa mdomo mkavu. Nikaandika, "Kikao kimeahirishwa." Wiki iliyofuata tulikunywa, tukapatana, tukaimba. Hilo sikuliandika. Nilikuwa naimba.

2. Kwa kuwa kikao hakikufungwa, ofisi moja ya serikali ikaomba muhtasari. Nikatuma. Wakauliza kazi ya Baraza, nikajibu, "Kushauri." Hawakuuliza kushauri nini. Tangu hapo tumeshauri kuhusu migomba, madaraja na urefu wa hotuba za harusi. Fahali yule bado yumo kwenye ajenda, chini ya Yatokanayo, ingawa tulimla kwenye harusi ya Keza, binti wa Bukuru. Wewe ulipewa ulimi.

3. Hili ndilo linalonitisha. Kifungu cha tisa cha katiba ya Baraza, nilichokitunga mwenyewe enzi za majivuno, kinasema mjumbe hazikwi mpaka Baraza likae na akidi itimie. Akidi ni watano. Tumebaki watano, pamoja nami. Nikifa, mnabaki wanne. Hesabu niliifundisha miaka thelathini, na hii haina njia ya mkato. Nitalala sebuleni mpaka lini?

Nivunjie Baraza, mwanangu, nizikwe kama watu wengine.

Nisalimie mama watoto wako Scholastika, wajukuu, na wajumbe watatu waliosalia, hata yule anayesinzia.

Wako katika kuliondoa nililolileta,
Mwl. Marcel

Nyongeza: Mke wangu Auleria ameisoma barua hii. Amesema, "Mzee, kama hakuna ruhusa ya kukuzika, unakufa kwa idhini ya nani? Hebu kaa unywe uji." Nimepitia kifungu cha tisa mara mbili, sioni pa kumpinga. Uji nimeumaliza na kuomba mwingine. Tafadhali usivunje chochote. Kikao kijacho nitahudhuria. Nitengewe kiti chenye egemeo.