Siku Fanueli Alipovua Viatu Matema

Sogeeni, enyi watu wa Mwanjelwa, nanyi mlioko mbali kule Ipogolo! Wekeni majembe chini, epueni vyungu, mpate kusikia habari za Fanueli, simba wa Uyole, fundi cherehani asiyetishwa na kitambaa chochote, na jambo alilolitenda ufukweni mwa Ziwa Nyasa mwaka ule wa 1954, mpunga ulipokwisha kuvunwa.

Aliondoka alfajiri na mkewe Tupokigwe katika lori la shemeji yake Jailos, kaka wa Tupokigwe, wakiwa watatu tu, kwa matembezi yao wenyewe. Nia yao ilikuwa kushuka korongo la mto Kiwira, kisha kwenda Matema. Kwani Tupokigwe tangu usichana wake alitamani kuingia ziwani ameshikana mikono na mumewe. Naye Fanueli, kwa heshima ya siku hiyo, alivaa viatu vipya vya ngozi. Dukani mkewe alimwambia ni vidogo. Yeye akaapa mbele ya wateja kwamba vimemwenea kana kwamba alizaliwa navyo.

Korongoni adui alijifunua. Viatu vilimvamia visiginoni, vikamzingira vidoleni, na kila jiwe likawa mkuki. Jailos alishuka kama mbuzi. Fanueli alishuka kinyumenyume, na kupanda akapanda kwa magoti.

"Shemeji, mbona unachechemea?"

"Sichechemei! Natembea kwa unyenyekevu, maana bonde hili ni tukufu!"

Alasiri wakafika Matema, milima inapoteremka hadi majini na mchanga unang'aa. Tupokigwe akapandisha kanga. "Baba Damari, twende."

Fanueli akaketi mchangani kama mtemi. "Mke wangu, ziwa halina haja ya kukanyagwa ndipo liheshimiwe. Nitalitawala kutoka hapa."

Uso wa Tupokigwe ukasinyaa. "Haya. Nitaingia na kaka yangu."

Neno hilo lilimchoma kuliko viatu. Majeshi mawili yakapigana kifuani mwake, kiburi na mapenzi, mpaka akapaza sauti iliyowashtua kina mama wauza vyungu waliokuwa wakipita ufukweni:

"Ewe ziwa, enyi milima, shuhudieni! Viatu vinanibana! Vilinibana tangu dukani, na sasa havivuliki!"

Tupokigwe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaushika mguu wa mumewe, Jailos akamkamata Fanueli kwapani, mmoja akavuta kuelekea ziwani, mwingine milimani. Kiatu cha kwanza kikasalimu amri kwa mlio wa chura. Cha pili kikakataa katakata. Ndipo wauza vyungu wakatua mizigo yao, wakashikana viuno nyuma ya Tupokigwe, wakavuta kwa kelele. Kiatu kikachomoka, kikapasua anga, kikatumbukia katika sufuria ya mvuvi aliyekuwa akipika samaki.

"Jamani!" mvuvi akauliza, bila kugeuka. "Nani kaniongezea nyama?"

Fanueli alisimama peku, vidole vimevimba na kuiva kama pilipili, akaushika mkono wa Tupokigwe, akaenda akiyumba hadi maji yakamfika vifundoni.

"Baridi?" mkewe akauliza.

"Kimya, mke wangu. Nastarehe."

Na ijulikane kwa vizazi vyote, Rungwe hata Iringa, kwamba siku ile mtu wa Uyole aliingia Ziwa Nyasa kwa miguu yake mwenyewe. Nalo ziwa, kwa kumtambua, likamtupia wimbi, likamlowesha suruali mpaka magotini.