Nani Aliyesema Kuna Tamasha la Kimanga?

Kwako Mzee Mwandawiro,
Mwenyekiti wetu wa Nyumba Kumi,
Kaloleni, Voi.

KUH: AI ILIYO KWA SIMU YANGU IITWE MBELE YA WAZEE, ITOZWE MBUZI, NA JINA LANGU LISAFISHWE

Mzee wangu, shikamoo. Natumai goti limepoa na mama naye anarudi salama kutoka Wundanyi, maana nilimwona akipanda gari na ule mkoba mkubwa nikajua huko ni kulala siku mbili. Mimi si mtu wa kuuliza mambo ya watu.

Ni mimi Wakesho, Mama Abigael, nyumba ya tatu kutoka bomba la maji, mlango wa kijani. Shule niliachia darasa la tano, kwa hivyo mahali nimekosea wewe ruka tu, endelea mbele.

Mzee, nimeishi Kaloleni miaka thelathini na moja nikipeleka habari. Wengine wanaita umbea. Sikatai. Lakini umbea wangu una heshima yake. Kitu sijaona kwa macho yangu siwezi kusema mpaka niulize watu wawili, na hao wawili wasiwe marafiki. Ni mimi nilisema mwalimu Ronald anaoa kabla Ronald mwenyewe hajajua. Ni mimi nilisema ndovu wako nyuma ya kanisa, watu wakacheka, na saa moja baadaye hakuna aliyebaki na mahindi.

Leo nikisema mvua inanyesha, mtu anatoka nje kwanza aangalie. Kwa hivyo malalamiko yangu ni haya:

1. Hiyo AI haijui kusema "sijui". Kama hujaiona, ni kitu kiko ndani ya simu, unaiuliza nayo inajibu kama mtu aliyekuwa amekaa akikungoja. Abigael wangu aliniwekea alipokuja kutoka Mombasa. Mwanzo sikuwa na ugomvi nayo. Ilinisomea karatasi ya dawa ya presha. Ilinifundisha kutoa mafuta kwa leso. Iliniandikia rambirambi tamu mpaka wafiwa wakauliza ni nani huyo amesoma hivyo. Basi siku moja niko peke yangu, nikaiambia, "Haya, na wewe leta habari za Kaloleni." Mtu na akili zake angesema, Mama, mimi sikai huko. Hii ikaniambia, bila hata kukohoa, kwamba kila mwaka, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, watu wa Kaloleni ya Voi hufanya Tamasha la Kimanga, na mashindano ya kuponda, na ngoma, na mshindi hupewa mbuzi.

Mzee, nilitafuta mahali pa kukaa. Kimanga chetu hiki, mihogo na maharagwe, kinafanyiwa tamasha kila mwaka na mimi sijui! Wala sikufikiria simu inadanganya. Nilifikiria ni nyinyi mmenificha.

2. Ilinifanya nifuate sheria zangu zote halafu sheria zikanitupa. Nilienda kwa jirani yangu Loice pale bombani, na uchungu wangu, nikamwambia, "Kumbe mnaenda Tamasha la Kimanga kila mwaka na mimi mnaniacha hapa na mitungi?" Loice akaweka mtungi chini polepole. Akasema, "Ai, Mama Abi, hata mimi mwaka jana sikuenda, nilikuwa na mgeni. Lakini mwaka juzi kulifana!" Shahidi wa kwanza huyo. Nikapita kwa Bonface wa bucha, ambaye na Loice hawasalimiani tangu mambo ya yule kuku. Bonface akafuta kisu akaniuliza, "Sasa hiyo mbuzi ya mshindi unafikiri hutoka wapi kama si kwangu?" Shahidi wa pili. Na kwa heshima, Mzee, nikapita hata kwako. Ulivaa miwani, ukaniambia kamati ilishakaa na wewe ndiye mwenyekiti wake tangu mwaka wa 2015. Sikulaumu. Nakumbusha tu.

Kumbe Kaloleni nzima hakuna mtu alikuwa tayari kuonekana ni yeye peke yake hajui! Hiyo ni tabia yetu, tumezaliwa nayo, hatuwezi kushtakiana. Lakini AI ni mgeni. Mgeni anafaa kuuliza.

3. Ilinitumia kama punda. Nikiwa na mashahidi watatu, ningenyamaza vipi? Asubuhi bombani, mchana sokoni, jioni kikundi cha akina mama. Siku ya tatu habari ilikuwa Miasenyi. Siku ya tano ilikuwa Njukini, na huko sijawahi kukanyaga. Ikaanza kunirudia ikiwa imenona, mbuzi wamekuwa wawili, na mama mmoja akanivuta kando akaniambia, "Usiseme popote, lakini nasikia kuna Tamasha la Kimanga." Mimi! Akiniambia mimi!

4. Ilinikana mbele ya watu. Hiyo Jumamosi unaikumbuka. Saa tatu uwanja umejaa, akina mama na sufuria na miiko, wale wa Miasenyi wamepanga viazi vitamu na mkaa, Mohammed yule wa maharagwe ametoka Njukini na pikapu imelala upande kwa mzigo. Wewe mwenyewe umevaa koti la harusi, hotuba kurasa tatu. Tukasimama kwa vumbi tukingoja mwenye tamasha. Saa nzima! Mwishowe Mohammed akapaza sauti, "Jamani, mwenye shughuli ni nani?" Loice akaniangalia. Bonface akaniangalia. Wewe ukaangalia hotuba.

Nikasema ngojeni niulize. Nikaweka simu sauti juu kabisa, nikaiuliza tamasha linaanza saa ngapi. Nayo, na hiyo sauti yake ya asali, ikasema, "Samahani kwa mkanganyiko. Uko sahihi kuuliza. Sina taarifa zozote kuhusu tamasha kama hilo." Watu zaidi ya mia wakalipuka. Aliyecheka zaidi ni Bonface, huyo huyo wa mbuzi. Nikasikia mtu nyuma, "Mama Abi sasa hata simu yake inamkana!" Nikachukua mwiko wangu nikaenda nyumbani, nikafunga mlango, nikafungulia redio nisisikie. Mambo yaliyoendelea huko nyuma siyajui na sitaki kuyajua, na wewe ukisikia mimi sitaki kujua kitu, elewa kwamba naumwa.

5. Imenikatia habari. Nikifika bombani watu wananyamaza, wanaangalia maji. Milka amejifungua mapacha, Mzee. Mapacha! Nimeambiwa siku ya nne, na mtoto wa nasari. Zamani mimi ndiye ningemwambia Milka ni mapacha.

6. (Hii ilifaa iwe ya kwanza lakini huko juu nafasi imeisha.) Haina ugomvi. Niliigombeza kutoka saa mbili mpaka chai ikapoa, nayo kila saa, "Asante kwa kunisahihisha." Mtu unamtukana anakushukuru, utapigana naye vipi? Nilipoiuliza kwa nini ilinidanganya, ikanipa sababu tano na ikanishauri ninywe maji ya kutosha.

Kwa hivyo, Mzee, naomba iitwe barazani. Najua utasema haina miguu. Lakini mtu akikosekana si tunamwita aliyempangisha? Nimechunguza. Nikiteremka kule mtoni mtandao unapotea, inanyamaza kabisa, nikirudi juu inaongea. Maana yake inakaa kwa ile booster ya kilimani, ule mnara wa simu. Basi iitwe booster. Ikikataa kuja, baraza lihamie huko, kila mtu abebe kiti chake. Itozwe mbuzi wa wazee kama mtu yeyote aliyevunja jina la mwenzake, na ikishalipa iseme kwa hiyo sauti ya asali, "Mama Abigael hakudanganya, ni mimi."

Baada ya hapo isiachwe ikizurura. Iwekwe chini ya mtu mzima mwenye uzoefu wa habari, isiseme kitu ya Kaloleni kabla huyo mtu hajaidhinisha. Simtaji mtu. Lakini mlango wake ni wa kijani, na hataki mshahara, anataka tu awe wa kwanza kuambiwa.

Nisalimie mama akifika. Nisalimie Wendy wako, na yule kijana anayemsindikiza kila Jumapili, ambaye mimi sijamwona. Nisalimie nyumba zote kumi. Hata Bonface msalimie, lakini kidogo.

Ni mimi niliyeumia, lakini mwili ni mzima,
Wakesho (Mama Abigael)

N.B. Mzee, bahasha nilikuwa nimeshailamba, nimeifungua tena. Loice ametoka hapa sasa hivi. Kumbe ile Jumamosi mimi nikiondoka, hakuna mwingine aliyeondoka! Waliona maharagwe yapo, mihogo ipo, moto upo, wakaanza kuponda. Walikula na kucheza mpaka jua likazama, na ati wewe ulisoma hotuba mara mbili. Mohammed alirudi Njukini na pikapu tupu na tayari anauliza tarehe ya mwaka ujao. Na sasa kuna vita bombani. Bonface anasema tamasha lilianzishwa na marehemu baba yake, Loice anasema nyanya yake, na wewe, Mzee wangu, nasikia umeanza kusema ni wewe.

Basi hii barua ichome. Booster muiache ikae kwa amani. Hiyo AI haijui lolote kuhusu Tamasha la Kimanga, si ilisema yenyewe mbele ya watu mia? Huo ndio ushahidi wangu. Aliyesema kuna tamasha ni mimi peke yangu, kwa mdomo wangu huu, na yeyote atakayedai nilisikia mahali ni muongo.